Kamba Kando ya Ukuta wa Mama

Kamba niliishika mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari hii mjini kwetu Kasongo husema "wageni wa Kinshasa walipiga kamba", na mimi hunyamaza kana kwamba siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Sikwenda popote. Ncha moja ya kamba ilikuwa mkononi mwangu, nikiivuta inyooke vizuri, na nilikuwa nacheka.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu haujui kufunga, na kila mwaka nikifika kwenye somo la miji ya kale hasira hunipanda mbele ya wanafunzi. Zanzibar imo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lamu imo. Kilwa, ambayo majumba yake yamebaki magofu, nayo imo. Na sisi je? Kiswahili tunachosema kilifika huku kwa miguu kutoka pwani ileile. Mpunga tunaokula ulikuja na misafara ileile, pamoja na minyororo. Palikuwa na mji hapa, na soko, na mashamba ambayo mtu angetembea asubuhi nzima asiyamalize, na leo hakuna hata kibao cha mbao kinachosema palikuwa na nini. Hayo nayasema nikipiga meza, na wanafunzi wanatazama dirishani wakingoja kengele.

Basi siku mkuu wa shule aliponiita bironi, yaani ofisini kwake, na kunionyesha wageni wawili, mwanamume na mwanamke, wamejaa vumbi jekundu la njia ya Kindu mpaka kwenye nyusi, akaniambia wanatafuta mahali pa kale ili siku moja nchi ipeleke majina yake kwenye orodha hiyo hiyo ya dunia, nilitaka kuwakumbatia.

"Mulikuwa wapi siku zote?" niliwauliza.

Mkuu wa shule akawaambia, "Huyu njo anajua. Na kile hajui, atasema tu."

Niliwaambia habari za ukuta wa mama.

Mama yangu anaishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa piki kutoka mjini ikiwa mvua haijanyesha. Nyuma ya nyumba yake umesimama ukuta wa udongo wa wakati wa waungwana, wale wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani, mrefu kupita mtu aliyenyoosha mikono, mnene kiasi kwamba mbuzi wa jirani hupanda juu na kulala bila wasiwasi. Zamani ulizunguka boma zima la mkubwa mmoja wa misafara. Umebaki upande mmoja tu, hatua ishirini hivi. Jiko la mama limeegemezwa hapo, boriti zake zimeingia ndani ya udongo, na chumba chake cha kulala kiko hatua tatu kutoka hapo. Ukiangalia kwa karibu utaona alama za vidole vya watu waliousawazisha udongo ule ungali mbichi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natia vidole vyangu mle, vinaingia.

Mama hakuwahi kuuita urithi. Nyanya wa mama yake alikuwa miongoni mwa wale waliokanyaga udongo huo kwa miguu. Aliletwa kutoka mbali, amefungwa, na mambo yalipokwisha akabaki kwa sababu hakujua njia ya kurudi. "Waliojenga hii hawakupewa hata aksanti," mama husema, kisha anaegemeza kuni zake hapo hapo. Hakuupenda ukuta huo wala hakuuchukia. Ulikuwa unazuia upepo.

Nilimtumia habari kwamba wageni wanakuja, na hapo ndipo mambo yalianza kuharibika, ingawa yalionekana kwenda vizuri mno. Mama alifagia uwanja mara mbili. Alipika wali. Alitoa jogoo wake mwekundu, akamleta akiwa hai mbele ya wageni ili wamguse, maana kwetu mgeni haonyeshwi nyama tu, anaonyeshwa kwanza kuku mwenyewe ajue ameheshimiwa. Na kwa kuwa sisi ni Wakristo na majirani ni Waislamu, na mama hapendi mtu yeyote apite uwanjani akatae kula, akamwita mzee jirani aje achinje. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mzee akaja na kofia yake na kisu chake, akatafuta mahali penye kivuli, akaelekea kibla, akasoma maneno yake, akachinja. Kivuli kilikuwa chini ya ukuta.

Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kupigilia vijiti vinne chini ya ukuta na wananiomba nishike kamba. Walitaka mraba ulionyooka, wapate kupima. Mwanamke akapiga magoti ndani ya mraba, akakwangua udongo kwa kijiko kidogo, akautia katika vifuko vya plastiki, akaandika namba juu ya kila kifuko na kuvipanga kwenye sanduku la bati. Damu ya jogoo ilikuwa mkono mmoja kutoka kwenye kijiti. Kwenye ua walisimama majirani wote, na vijana wawili waliokuwa wanapita kwenda Lusangi, wamefunga beseni na beleshi nyuma ya piki yao. Walizima injini ili watazame vizuri. Niliwapungia mkono.

Mama alinivuta kando. "Mwanangu, huyu mama anabeba udongo wangu wapi?"

"Wataupima, Mama. Wajue ukuta una umri gani."

"Huku kwetu udongo unapimwa sababu ya kitu moja tu."

"Eh, Mama! Hawa ni watu wa masomo."

Nilimcheka. Nakumbuka kwamba nilimcheka, mbele ya wageni, nikawatafsiria ili nao wacheke. Wakacheka kidogo, kwa adabu. Kisha tukala, wakashukuru sana, wakaomba kamba na vijiti visiguswe mpaka watakaporudi kiangazi. Niliwaahidi.

Siku ya nne, sokoni Kasongo, mama mmoja anayeuza samaki aliniongezea mkubwa bila kuombwa. "Mwalimu, Mungu amekukumbuka," akaniambia. Nikafikiri anasema habari za urithi. Nikajivuna! Nikamjibu kwamba bado, ni mwanzo tu, lakini tukipata, kijiji kizima kitanufaika. Akaitikia kwa kichwa na kuwatazama wenzake.

Jioni mdogo wangu alinipigia simu. Huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, mchimbaji wa dhahabu huko Salamabila tangu aache shule. Huniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, na hapigi simu mpaka awe na homa au ameoa. 

"Yaya, munachimba ku mama?"

"Nani anachimba?"

"Huku wanasema mulipiga kamba. Mukachinja kuku, shehe akaomba, mukabeba udongo mu sashe na namba juu yake."

"Ni watu wa urithi, wee! Walikuwa wanapima ukuta."

Nilisikia piki zikipita nyuma yake. "Sasa Yaya," akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "mutu akitaka kufungua shimo, anafanya nini?"

Nilikaa kitandani. Mtu akitaka kufungua shimo anapiga kamba, ili kila mmoja ajue karé, kile kipande cha mraba, ni yake. Anaita mtu wa dini aombe. Anamwaga damu ya kuku ili ardhi isimmeze. Na kabla ya hayo yote anapeleka udongo kidogo ukapimwe. Mtoto yeyote wa Kabambare, kwenye mashimo ya dhahabu, anajua hayo. Mimi, niliyesomesha watu mpaka misafara ya pembe za ndovu, sikuyaona, na yalifanyika mbele ya macho yangu, kwa mkono wangu.

"Wanasema Waarabu walificha dhahabu chini ya ule ukuta," mdogo wangu akaongeza. "Wanasema Leta, serikali yenyewe, imekuja kuchukua kimya kimya, na wewe njo uliwaonyesha."

Asubuhi nilikodi piki. Mara mbili nilimwambia dereva asimame nisikilize. Nilikuwa nasikia piki nyuma yetu hata pale ambapo hapakuwa na piki. Tulipofika niliona alama za magurudumu uwanjani kwa mama, nyingi, na chini ya ukuta shimo linalofika magoti. Lilikuwa jipya, udongo wake haujakauka. Ndani ya mraba wa kamba mama alikuwa ameweka kiti chake, ameketi, ameshika mchi.

Mbele yake walisimama wanaume watano. Mkubwa wao alikuwa amevaa buti za mpira safi kabisa, na hapo nikajua ndiye pedeje, maana huko mashimoni ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, yule asiyeingia chini mwenyewe. Alikuwa na adabu, na adabu yake iliniogopesha kuliko matusi.

"Jambo, Mwalimu," akasema. "Tunasema tu na mama. Hatuna ubaya. Mwenye shamba ana fungu yake, hiyo ni sheria yetu."

"Hakuna dhahabu hapa," nikamwambia.

Akatabasamu. "Kama haiko, mulikuwa mukitafuta nini na kijiko?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza orodha ya dunia, na Zanzibar, na Lamu, na jinsi udongo unavyoweza kusema umri wake. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazamana. Hata mimi masikioni mwangu ilisikika kama hadithi ya mtu anayeficha kitu. Watu watoke Kinshasa, wapande ndege, waje mpaka huku kwa piki, kwa ajili ya ukuta wa matope? Nani angeamini?

"Tutarudi posho," akasema pedeje, yaani Jumamosi. "Tutakuja na watu. Tutafungua moja tu, tuone. Mama asilale karibu."

Walipoondoka nilifanya kosa la pili. Niling'oa vijiti vyote vinne kwa hasira, nikakunja kamba, nikaitupa chooni. Kabla jua halijawa kali habari ilikuwa imefika barabarani: wameficha alama, maana yake wameona kitu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, nilijiambia, lakini nililia vilevile, nyuma ya jiko, mdomo nimeuziba kwa kitenge.

Mzee jirani, aliyemchinja jogoo, alikuja akaukagua ukuta. Alijenga nyumba nyingi katika ujana wake. Alipiga udongo kwa kiganja, akainama shimoni, akapima kwa jicho mpaka kwenye chumba cha mama. "Wakichimba chini," akasema, "utaangukia huku. Umeinama huku tangu zamani. Hautauliza nani analala." Kisha akaniomba radhi kwa sababu ya kuku, kana kwamba kosa lilikuwa la kwake. Nilimwambia anyamaze, tafadhali.

Nilimsihi mama aje mjini. "Niende nikalale mu salon ya mwalimu, niangalie televizyo?" akasema. "Niache mpunga wangu mu uwanja? Wakikuta nyumba haina mutu, watachimba mpaka mu kitanda." Na hapo alisema kweli. Nyumba isiyo na mtu huko kwetu ni shimo ambalo bado halijafunguliwa. Basi atabaki, na akibaki ukuta utamwangukia, na mimi ndiye niliyeshika kamba. Wazo hilo lilizunguka kichwani mwangu mpaka nikawa siwezi kumeza wali.

Nilirudi Kasongo kutafuta msaada. Nilimpigia yule mama wa Kinshasa. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya nne nilimwambia kila kitu kwa pumzi moja, nikamwomba atume barua, karatasi yoyote yenye muhuri, inayosema ukuta umelindwa. Alisikitika kwa kweli, nilisikia sauti yake ikivunjika. Lakini haujalindwa, akasema. Ni pendekezo. Dosye, yaani faili lake, itapita biro hii na biro ile, kisha nchi iamue, kisha dunia iamue. Inaweza kuchukua miaka mingi. Nilimwambia mimi nina mpaka posho.

Nilikwenda kwenye biro moja pale mjini. Karani alinisikiliza vizuri, kalamu ya bik mkononi, kisha akauliza kama ukuta uko kwenye orodha. Nikasema bado. "Basi Mwalimu," akasema, "kwa sasa ni udongo." Alisema bila ubaya. Nilitoka nje nikasimama juani sijui niende wapi.

Siku zile nilifundisha bila kujua nasema nini. Niliandika ubaoni, nikafuta, nikaandika kilekile. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni kweli kwetu kumepatikana dhahabu, nikamfukuza darasani, mimi ambaye sijawahi kumfukuza mtu kwa swali. Kila simu ilipolia nilidhani ni jirani ananiambia mama yuko chini ya udongo. Niliona kila kitu, mguu, kitenge, kiti. Nilikuwa tayari nimepanga nani nimwite kwanza.

Ijumaa nilikuta mdogo wangu amefika kwa mama kabla yangu. Alikuwa amepita Kabambare usiku na mchana, matope mpaka shingoni, macho mekundu. Badala ya kumsalimu nilimrukia.

"Hawa ni watu wako! Wewe unawajua! Waambie!"

"Nimewaambia, Yaya. Nilimwambia pedeje mwenyewe, mu simu. Akaniambia: wewe ni mutoto wa ile nyumba, ungesema nini kingine?"

"Basi mutu akisema ukweli hasikiwi?"

"Mu shimo hakuna mutu anaamini mudomo." Alijipangusa uso. "Wanaamini beseni. Ukiosha udongo mbele yao na hakuna kitu, wanaenda. Bila hiyo watarudi kila posho, wao ama wengine, mpaka mama anakufa."

Aliketi chini ya ukuta akautazama kama anavyotazama mlima kazini kwake, kutafuta pale utakapoangukia. Alisema wao wataanza chini, kwa sababu wana haraka, na ukuta utakuja upande wa nyumba. Lakini mtu akianza juu, akautoa kidogo kidogo, kila udongo ukaoshwa, hauna mahali pa kuangukia. Itachukua siku nzima. Jiko litakwenda. Nyumba itabaki.

"Ukuta wote?" nikauliza.

"Wanasema iko ndani yake. Wote."

Nilikataa. Sitaki kujifanya mwema hapa, nilikataa kwa kelele. Nilisema ukuta huo umesimama kupita vita vyote, kupita Wabelgiji, kupita waasi, mvua za miaka yote, na hatutaubomoa kwa mikono yetu kwa sababu ya wapumbavu watano wenye beseni. Nilisema ndio kitu pekee kilichobaki. Nilisema bibi zetu waliukanyaga. Nilisema maneno mengi, na mengine yalikuwa mazuri, kama ya darasani.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize. "Hao bibi unasema," akasema, "kama mutu angewapa mutarimbo, unafikiri wangefanya nini na huu ukuta?"

Mama hakungoja jibu. Akamgeukia mdogo wangu. "Tutaanza mapema, kabla ya jua kali. Lakini mutangoja waje. Waone tangu mwanzo."

Posho walikuja wengi kuliko alivyosema pedeje. Piki zilijaa uwanja mpaka barabarani. Baadhi walikuwa na mitarimbo, baadhi walikuja kutazama tu, na mama mmoja alileta ndizi za kuuza. Mvua ilikuwa inatishia upande wa mto. Mama alivaa nguo yake ya kazi ya shamba, akatoka na beseni kubwa analooshea mchele, akaliweka katikati ya uwanja mbele ya miguu ya pedeje.

"Mumekuja kuona," akasema. "Muketi, muone."

Mdogo wangu alipanda juu ya ukuta na mtarimbo. Pigo la kwanza halikutoa kitu, vumbi tu. La pili likatoa bonge ukubwa wa kichwa. Likashushwa, mama akalivunja kwa mchi, akalitia majini, akaanza kuosha. Alizungusha beseni kama anavyozungusha mchele, maji ya juu yanamwagika, uchafu unatoka, kilichobaki chini kinaonyeshwa. Wanaume waliinama. Palikuwa na mchanga, na makapi ya mpunga, yale ambayo walichanganya na udongo zamani ili ushike. Makapi yalielea juu ya maji, ya manjano bado. Pedeje alitia kidole, akasugua, akanusa.

"Endelea," akasema.

Wakaendelea. Kila kipande kiliposhuka nilifikiri, kama sasa watakuta hata punje moja, hata kipini, hata sarafu, tumekwisha. Watachimba kijiji kizima. Nilimwomba Mungu ukuta uwe mtupu, mimi niliyesomesha miaka yote kwamba umejaa. Saa sita wachimbaji wawili walichoka kukaa, wakapanda kumsaidia mdogo wangu. Alasiri ukuta ulikuwa kiunoni. Boriti za jiko zilitolewa moja moja na kuwekwa kando, paa likashushwa. Mikono ya mama ilikuwa imevimba, nikataka kumpokea beseni, akanisukuma kwa kiwiko. Kuna bonge moja lilishuka lina alama za vidole vinne na gumba, wazi kabisa. Mama aliliona. Aliweka vidole vyake mle, mara moja tu, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akalivunja.

Jua lilipokaribia kuzama ukuta wote ulikuwa chini, wakachimba mpaka chini ya msingi, shimo moja, hapo ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuanguka. Mama akaosha na huo. Hakuna.

Pedeje alisimama. Buti zake zilikuwa na matope sasa. Akavua kofia. "Mama, utusamehe," akasema. "Ungetuambia tu kwamba hakuna."

"Niliwaambia," mama akasema.

Piki ziliwashwa, zikaondoka moja moja. Aliyeleta ndizi alituachia chana moja. Matone ya kwanza yalianza kuanguka juu ya lundo la udongo, na nyuma ya nyumba pakawa wazi, shamba lote la mpunga linaonekana mpaka mtoni, upepo unaingia kama hapajawahi kuwa na kitu. Nyumba ilikuwa imesimama. Chumba cha mama kilikuwa kimesimama, na kitanda chake mle ndani, kikavu.

Machozi yalinitoka, siyo kidogo, mpaka nikaketi juu ya lundo lile. Mama alikuja akaketi kando yangu, mikono yake miwili mapajani, imelowa.

"Unalia sababu ya ukuta?" akaniuliza.

Nikamtazama, mzima, amechoka, anapumua. "Ndiyo, Mama," nikasema, kwa sababu mwalimu wa historia angesema nini kingine.

Nilimdanganya. Nililia kwa furaha.